Alamu inalia kila siku na vidonge bado vinabaki: namna ya kuitumia simu kujenga mazoea ya dawa za kisukari

KidongeNaMaji (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye kisukari na wanaowauguza. Ni mrefu, nawaomba mvumilie.

Mimi ni mfamasia. Kila siku nakabidhi dawa za sukari na nauliza swali lile lile: zile za mwezi uliopita zimeisha? Zamani aliyebakiwa na vidonge alikuwa akisema amesahau, tunaishia hapo. Siku hizi ananionyesha simu. Ana programu ya kukumbusha dawa, kaiweka mwenyewe au kawekewa na mwanawe, inalia asubuhi na jioni bila kukosa, na pakiti bado ina nusu yake. Mtu ana nia, ana simu, ana alamu, na dawa hazimezwi. Hili ndilo nataka tulijadili, kwa sababu ushauri anaoupata karibu kila mahali ni "weka alamu".

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti kuhusu matibabu ya muda mrefu. Ilieleza kuwa katika nchi tajiri wagonjwa wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa ni takribani asilimia 50 tu, na katika nchi zinazoendelea ni pungufu ya hapo. Kisukari kina ugumu wake wa ziada, hasa cha aina ya pili: mara nyingi hakiumi. Ukiruka dozi ya leo, leo hiyo hiyo hujisikii tofauti yoyote. Figo, macho na neva za miguu zinaharibika taratibu, kwa miaka. Anayeumwa jino hahitaji kukumbushwa dawa ya maumivu, jino lenyewe linamkumbusha. Mwenye kisukari mwili wake umenyamaza, kwa hiyo lazima kitu kingine kishike nafasi hiyo.

Je, kitu hicho ni alamu? Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uitwao REMIND, matokeo yake yalitoka mwaka 2017. Watu 53,480 waliokuwa wakiruka dawa za magonjwa sugu waligawanywa makundi. Wengine walitumiwa kwa posta kisanduku cha vidonge, wengine kifuniko cha chupa chenye saa ya kidijitali inayoonyesha ni muda gani umepita tangu chupa ifunguliwe, wengine kibandiko cha chupa chenye vitufe vya kusogeza kila siku, na kundi la mwisho halikupewa kitu. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa. Mwaka 2018 ukaja mwingine wa watu 411 wenye shinikizo la damu waliojaribu programu ya simu. Waliopewa programu walisema wanameza dawa vizuri zaidi kidogo, lakini shinikizo lao halikushuka kuliko la wenzao.

Sisemi vifaa havina kazi. Ninachosema ni kwamba kukabidhi kifaa na kuondoka hakutoshi, na sababu yake inajulikana.

Katarzyna Stawarz na wenzake wa University College London walikagua programu 229 za kukumbusha dawa na kukuta nyingi zimejengwa juu ya saa: ikifika saa fulani, inalia. Kisha mwaka 2015 walichapisha jaribio lililolinganisha ukumbusho wa simu na kuifungamanisha tabia mpya na tukio ambalo tayari lipo katika siku ya mtu. Ukumbusho uliwasaidia watu kurudia tendo. Lakini ulizuia tendo lenyewe lisiwe mazoea. Waliotegemea tukio ndio waliofikia hatua ya kutenda bila kufikiri.

Tafakarini hilo. Alamu inapokukumbushia kila siku, ubongo wako hauna sababu ya kushika kazi hiyo. Unajifunza kuitikia mlio. Siku simu imeisha chaji, au imebaki chumba kingine, au uko kikaoni ukaizima kwa kidole bila hata kuitazama, hakuna kilichobaki cha kukupeleka kwenye dawa.

Mazoea yanajengwa kwa kurudia tendo lile lile katika mazingira yale yale. Phillippa Lally na wenzake, pia wa University College London, waliwafuatilia watu 96 waliochagua tabia ndogo ya kufanya kila siku baada ya tukio fulani, kwa mfano kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa. Muda wa katikati wa tendo kuwa la kawaida ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Ile hesabu ya siku 21 inayozunguka mitandaoni ilitokana na maandishi ya mwaka 1960 ya daktari wa upasuaji, Maxwell Maltz, aliyekuwa akieleza alivyoona wagonjwa wake wanavyozoea sura zao mpya. Haihusu vidonge. Kwa hiyo ukifika wiki ya nne na bado unasahau, usijione mzembe. Pengine hujafika hata nusu ya safari.

Katika utafiti huo huo, kukosa siku moja hakukuvuruga kujengeka kwa mazoea. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Sasa tufanye nini na simu? Niwaeleze ninavyofanya na mgonjwa dirishani, foleni ikiruhusu. Namwomba afungue alamu zake. Mara nyingi nakuta tatu au nne, zote zimeandikwa "dawa". Namuuliza: ukiamka unafanya nini, halafu nini? Naendelea hadi tupate kitu anachofanya kila siku bila kukosa, ambacho kinakubaliana na dawa yake. Kwa metfomini, kidonge cha kisukari kinachotumiwa sana, tukio hilo mara nyingi ni chakula, kwa sababu dawa yenyewe inatakiwa inywewe pamoja na chakula au mara baada ya kula ili isisumbue tumbo. Tunaitamka kwa sauti: "Nikishakaa mezani asubuhi, kabla sijashika kijiko, natoa kidonge nakiweka kando ya sahani." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanyia kazi aina hii ya mpango, ikitokea hivi nitafanya vile, tangu miaka ya 1990, na unashinda kwa mbali ile nia ya jumla ya "nitajitahidi kumeza dawa". Pakiti inahamia pale mezani, ionekane, lakini watoto wasiifikie.

Halafu tunafuta alamu zote isipokuwa moja. Tunaisogeza mbele, ilie kama nusu saa baada ya wakati wake wa kawaida wa kumaliza kula, na tunaiandika kwa swali: "Umeshameza cha asubuhi?" Alamu ya namna hii haimwongozi, inamkagua. Siku nyingi italia akiwa ameshameza, ataizima ameridhika. Siku aliyosahau itamdaka. Kama anatumia programu inayoruhusu ukumbusho kulia endapo tu hajaweka tiki, ni bora zaidi.

Hapa kuna jambo la usalama ambalo halisemwi vya kutosha. Dawa kama glibenclamide, gliclazide na glimepiride zinaisukuma kongosho itoe insulini, umekula au hujala. Alamu ya saa 1 asubuhi haijui kama chakula kipo mezani. Mtu mtiifu anasikia mlio, anameza, kisha chakula kinachelewa au hakipo, sukari inashuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na kwa mzee hata kuanguka. Dawa hizi zifungamanisheni na chakula chenyewe, msizifungamanishe na saa. Na siku ambayo hutakula, uwe umeshamuuliza mtoa huduma wako mapema ufanye nini.

Karibuni, tuelimishane.

ZamuYaUsiku

Mkuu, shukrani kwa uzi. Mimi nina aina ya pili, natumia metfomini mara mbili kwa siku. Kazi yangu ni ya zamu, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Alamu ya asubuhi inanikuta ndiyo kwanza nimelala, naizima nikiwa usingizini. Hilo tukio la kila siku mimi nilipate wapi wakati siku zangu hazifanani?

KidongeNaMaji

Kaka, siku zako hazifanani kwa saa, lakini kwa mpangilio zinafanana. Kila siku unaamka, na baada ya kuamka kuna mlo wa kwanza, iwe ni asubuhi au jioni. Kila siku kuna mlo mkubwa kabla ya kulala au katikati ya zamu. Dozi zako ziite kwa majina hayo, "mlo wa kwanza" na "mlo mkubwa", ondoa kabisa maneno asubuhi na jioni kwenye simu. Programu nyingi zinakuruhusu kuandika jina la dozi upendavyo. Tengeneza ratiba mbili, ya zamu ya usiku na ya mchana, uwe unawasha moja na kuzima nyingine siku ya kubadilisha zamu.

Dozi ya mlo mkubwa iweke ndani ya chombo chako cha chakula cha kazini, kwenye kikasha kidogo kikavu. Ukifungua chombo unakutana nayo.

Muulize pia daktari wako kuhusu metfomini inayoachiliwa polepole. Hiyo mara nyingi hunywewa mara moja kwa siku pamoja na mlo wa jioni, na kwako kupunguza dozi mbili kuwa moja kutakusaidia kuliko programu yoyote. Usibadilishe mwenyewe, na usivunje wala kutafuna kidonge cha aina hiyo.

Kama kuna msomaji wa zamu anayetumia insulini, ushauri huu wa kusogeza saa usiuchukue juu juu. Kaa na daktari wako mpange.

BintiWaPili

Ndugu mfamasia, naomba msaada. Mama yangu ana kisukari na mimi naishi mbali naye. Simu yake ni ile ya vitufe, hizo programu hazina nafasi. Nampigia kila siku jioni namuuliza, "Mama, umemeza dawa?" Ananijibu amemeza. Kipimo cha miezi mitatu kimetoka kibaya mara mbili mfululizo. Nimejaribu kumwambia ukweli, tukaishia kukwaruzana.

KidongeNaMaji

Dada, pole, na hongera kwa kumpigia mama kila siku.

Kwanza, kipimo hicho, HbA1c, kinaonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa sababu kinapima sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kama siku 120. Kikiwa juu hakithibitishi kwamba mama hamezi. Inawezekana anameza vizuri ila dozi haimtoshi tena, maana kisukari cha aina ya pili huwa kinasonga mbele, au amekuwa na maambukizi, au anatumia dawa nyingine kama steroidi inayopandisha sukari. Usianze na tuhuma. Mzazi anayehisi anapelelezwa na mtoto wake atakujibu "nimemeza" ili simu iishe kwa amani.

Badili swali. "Umemeza?" lina jibu moja tu la heshima. Jaribu kumuuliza: "Mama, kwenye kisanduku vimebaki vyumba vingapi?" Hiyo inataka awe na kisanduku chenye vyumba vya siku saba, kinachojazwa siku moja ya wiki mkiwa pamoja kwenye simu, au na jirani, au na mjukuu. Mkiongea hivyo mnaangalia kitu kilicho mbele yake, hakuna anayepimwa uaminifu. Kisha muulize lile ambalo huenda hajawahi kuulizwa: dawa hizi zinakufanyaje? Kuna wazee wanaacha kidonge kwa sababu ni kikubwa na kinakwama kooni, na wanaona aibu kusema.

Simu ya vitufe usiidharau. Nchini New Zealand kulikuwa na utafiti wa ujumbe mfupi wa kawaida uitwao SMS4BG, ulichapishwa mwaka 2018. Watu wazima 366 ambao sukari yao ilikuwa haijadhibitiwa walishiriki, na kwa hadi miezi tisa kundi moja lilipokea ujumbe uliotungwa kulingana na hali ya mtu, lugha na utamaduni wake. HbA1c yao ilishuka kwa milimoli 8.85 kwa moli, wakati wasiopokea ilishuka 3.96. Hakukuwa na simu janja wala intaneti. Ukiangalia vizuri, ujumbe ule haukuwa "meza dawa" ukirudiwa kila siku. Ulikuwa na elimu, na kumtia mtu moyo, na kumkumbusha kupima kwa kadiri alivyochagua mwenyewe.

WHO na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu (ITU) nao walianzisha mwaka 2012 mpango wa kutumia simu za mkononi kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na kisukari kikawa mojawapo ya maeneo yake. Senegal ilianza kutuma ujumbe wa kisukari mwaka 2014. Kwa hiyo hata wewe unaweza kumtumia mama ujumbe. Kama kusoma kunamsumbua, sauti yako inatosha kabisa.

AinaYaKwanza

Niongezee upande wa insulini, maana wengi hapa ni wa vidonge. Nina aina ya kwanza tangu utotoni, najichoma mara nne au zaidi kwa siku. Kwangu shida haikuwa kusahau, ni kutokuwa na uhakika. Unajichoma ya chakula huku unaongea na mtu, dakika kumi baadaye unajiuliza: nimechoma au bado? Ukichoma tena na kumbe ulishachoma, sukari inaporomoka. Ukiacha na kumbe hukuchoma, inapaa hadi usiku.

Kalamu ya kuchomea insulini inayotunza kumbukumbu imenitoa huko. Zipo zinazoonyesha dozi ya mwisho na muda uliopita, na zipo kama NovoPen 6 ambazo unazigusisha na simu zinamwaga rekodi ya sindano zako. Sihitaji kukumbuka kuandika, kalamu inajiandikia.

Nina ombi moja kwa wenye sensa ya sukari ya kuvaa mkononi. Zimeni tahadhari zisizo na kazi. Mimi nilikuwa napigiwa kelele sukari ikipanda kidogo, ikipanda haraka, ikishuka haraka, sensa ikikosa mawasiliano. Nilifika mahali nikawa sizisikii tena, hata ile ya hatari. Sasa nimebakiza ya kushuka, na ya kupanda nimeiweka juu zaidi.

KidongeNaMaji

Asante sana, umegusa kiini cha jambo.

Tendo likishakuwa mazoea linafanyika bila kuacha alama kwenye kumbukumbu. Hayo ndiyo mafanikio yenyewe, na hapo hapo ndipo hatari mpya inapozaliwa. Miezi ya mwanzo swali ni "nitakumbuka?" Mazoea yakikomaa swali linakuwa "hivi nimemeza?" Kwa hiyo kazi ya kifaa inatakiwa ibadilike njiani: mwanzoni kinakukagua, baadaye kinakutunzia ushahidi. Ndiyo maana nawaambia watu, tiki iwekwe baada ya kumeza. Ukiweka tiki kwanza, halafu ukaitwa, ukaacha kidonge kiganjani, rekodi yako itakudanganya jioni. Kama una shaka na huna ushahidi, kwa insulini ya chakula pima sukari kwanza, usiongeze dozi kwa kukisia. Kwa vidonge vya kuisukuma kongosho, ni salama zaidi kuikosa dozi moja kuliko kuimeza mara mbili.

Kuhusu sensa, wataalamu wa kimataifa walikubaliana mwaka 2019 kwamba wengi wenye aina ya kwanza na ya pili walenge kukaa kati ya 3.9 na 10.0 mmol/L kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda. Wazee na walio katika hatari kubwa wana malengo mepesi zaidi. Tahadhari ya kushuka usiizime, hilo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ya kupanda jadilini na daktari kiwango kinachowafaa.

MsomajiKimya

Samahani, mimi nitasema tofauti. Sijawahi kusahau metfomini. Naiacha kwa makusudi. Nikimeza, tumbo linanikata, naharisha, siwezi kwenda kazini. Programu inaniuliza "umemeza?" nabonyeza ndiyo ili inyamaze. Mnijengee mazoea ya kuharisha?

KidongeNaMaji

Ndugu yangu, asante kwa kusema wazi. Watu kama wewe ni wengi, na ukimya wao ndio unaofanya tufikiri tatizo la dawa ni usahaulifu peke yake.

Hapana, usijenge mazoea juu ya dawa inayokutesa. Tatua mateso kwanza. Metfomini inasumbua tumbo hasa mwanzoni na hasa dozi inapoanzishwa kubwa. Kawaida inaanzwa kidogo na kupandishwa taratibu, pamoja na chakula. Ile inayoachiliwa polepole wengi huivumilia vizuri zaidi. Ikishindikana, dawa nyingine zipo. Na kama umeitumia miaka mingi, omba wakupime vitamini B12, maana metfomini inaweza kuishusha.

Programu yako inaweza kukusaidia kwa njia nyingine kabisa. Acha kubonyeza ndiyo ya uongo. Bonyeza "nimeruka", na mahali pa maelezo andika kwa nini: tumbo, nilikuwa safarini, niliogopa sukari kushuka, dawa ziliisha. Siku ya kliniki mwonyeshe daktari skrini hiyo. Sasa hivi anaona kipimo kibaya pamoja na rekodi inayosema umemeza zote, na hatua yake ya kawaida itakuwa kukuongezea dozi. Ya dawa ile ile inayokuharisha.

Na kama kuna anayeacha kwa sababu ya bei au hofu, vivyo hivyo, semeni. Mfamasia au daktari anayekemea mgonjwa kwa kusema ukweli anakosea kazi yake.

MtengenezaProgramu

Nimesoma kimya hadi hapa. Natengeneza programu za simu, na tuna wazo la moja ya kisukari. Tumeweka mfululizo wa siku: kila siku ukimeza namba inapanda, ukikosa inarudi sifuri. Walioijaribu mwanzoni wanaipenda sana. Mnaionaje?

KidongeNaMaji

Iondoeni hiyo sifuri. Nilisema nitalirudia: katika utafiti wa Lally siku moja iliyokosekana haikubomoa mazoea. Programu yako inamwambia mtu kinyume chake. Amemeza miezi miwili, amekosa jana kwa sababu alikuwa anamuuguza mtoto, leo anafungua anakuta sifuri. Nimeona watu wanafuta programu siku hiyo, na dawa nayo inalegea. Onyesheni siku alizomeza kati ya 30 zilizopita. Akikosa moja anabaki na 29, na hiyo ndiyo hali halisi ya mwili wake pia.

Mengine mafupi. Mpeni mtu nafasi ya kuandika tukio lake badala ya saa. Jina la dawa lisijitokeze kwenye skrini iliyofungwa, si kila mtu amewaambia wenzake kazini kwamba ana kisukari. Programu ifanye kazi bila intaneti. Na mwambieni wazi data zake zinakwenda wapi, tena kwa lugha anayoielewa.

MtengenezaProgramu

Sawa mkuu, nimekuelewa, napeleka kwa wenzangu. Nami niwape wasomaji kitu: simu nyingi zina mfumo wa kubana betri unaozima programu zinazofanya kazi kwa nyuma. Ukumbusho unaacha kulia na wewe unadhani programu ni mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu yako ya dawa, iruhusu isibanwe. Kama huwezi, tumia alamu ya saa iliyokuja na simu. Hiyo kwa kawaida haizimwi.

BintiWaPili

Nimerudi. Jana sikumuuliza mama kama amemeza. Nilimuuliza dawa zinamfanyaje. Akaniambia kile cha jioni anakiogopa kwa sababu kuna usiku aliamka amelowa jasho, anatetemeka, yuko peke yake. Hajamwambia mtu yeyote.

KidongeNaMaji

Dada, hiyo inawezekana ni sukari kushuka usiku. Usimsisitize ameze kile cha jioni, na usimwambie aache moja kwa moja. Mpigieni daktari wake leo, mwelezeni jina la dawa, dozi, na anakula saa ngapi jioni. Kama ana mashine ya kupimia, apime kabla ya kulala. Ikitokea tena na akiwa macho, apime kama inawezekana. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au kama hawezi kupima ila dalili ni zile zile, anywe kitu chenye sukari ya haraka, kama gramu 15, apime tena baada ya dakika 15, arudie kama bado iko chini. Asipoweza kumeza au akipoteza fahamu, asilazimishwe kitu mdomoni, iitwe huduma ya dharura.

ZamuYaUsiku

Swali la mwisho kutoka kwangu. Daktari amedokeza kunihamishia kwenye sindano ya mara moja kwa wiki. Hapo nitaifungamanisha na mlo upi?

KidongeNaMaji

Na hakuna mlo, kaka, kwa sababu sindano hizo hazitegemei chakula. Hapa niliyoyasema juu ya alamu yanageuka. Tendo la mara moja kwa wiki linarudiwa mara chache mno kwa mwaka kuweza kuwa mazoea ya haraka, kwa hiyo usitegemee mwili ukumbuke. Hapa kalenda ya simu ndiyo chombo sahihi: siku moja maalumu, ukumbusho wa kwanza mchana, wa pili usiku, na usiufute hadi sindano iwe imechomwa. Kwa zamu zako chagua siku ambayo mara nyingi uko nyumbani.

Ukiikosa, kanuni inategemea dawa. Kwa semaglutide ya wiki, kama hazijapita siku tano tangu siku yako, choma mara unapokumbuka, kisha endelea na siku yako ya kawaida. Zikizidi tano, iache, subiri siku yako. Kwa dulaglutide unaangalia mbele: kama zimebaki siku tatu au zaidi kufika dozi inayofuata, choma. Zikiwa pungufu, iache. Usichome mbili kufidia. Kanuni ya dawa utakayopewa iandike kwenye maelezo ya tukio lile lile la kalenda, ili siku utakayoihitaji usianze kuitafuta.